Mwisho wa Wimbo wa Mwaitu

Nunguni,
Jumapili alasiri.

Kwa dada yangu mpendwa Kalondu,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani, wewe, shemeji Ahmednasir na watoto wenu Leyla na Arbaco. Mnaendeleaje huko Kyuso? Nimesikia mvua iliwakataa na ndengu zimekauka zikiwa na maua. Poleni sana. Huku tu wazima wa mwili. Kaka yetu Mwau anawasalimu, mgongo wake umepata nafuu. Barua hii anakuletea Muli, anayekuja huko kununua mbuzi. Najua utashangaa, kwani simu zimekwisha? Dada, mimi nakula kwa sauti yangu, lakini kwa hili ninalotaka kusema siiamini. Kwa simu ningelia, ungenibembeleza, na nisingefika mwisho. Tafadhali soma yote.

Siku ya kumzika mama yetu, Mwaitu, uliniuliza kazi yangu ni gani hasa, nikakujibu juu juu. Wacha nikueleze vizuri. Unakumbuka nilivyokuwa nikiimba katika hoteli moja pale Mtito Andei, madereva wa malori wakitafuna nyama na kunipigia kelele niongeze? Kuna mama mmoja mtengenezaji filamu aliyesimama hapo kuongeza mafuta. Akanisikia, akaniomba niimbe kwenye filamu yake ya ukame. Kutoka hapo nikajifunza kutunga. Wananitumia picha zisizo na sauti, nami natafuta wimbo unaozikalia. Baada ya filamu tatu zikaja gemu, hizi zinazochezwa kwa simu na kompyuta. Nikageuza chumba chako cha zamani kuwa studio, nikapigilia magodoro ukutani. Mwaitu alicheka mpaka akakaa chini. Alisema amezaa mtoto anayetandikia kuta.

Muziki wa gemu una tabia yake. Mchezaji anaweza kukaa mahali pamoja dakika mbili au saa mbili, hakuna ajuaye, kwa hivyo wimbo hauruhusiwi kuisha. Unakata mwisho, unaunganisha na mwanzo, unazunguka bila mtu kusikia kiungo. Hilo naliweza sana, aki sijisifu.

Mwezi wa tatu kampuni moja ya ng'ambo ilitaka sauti ya mama mzee. Nikamketisha Mwaitu studio, akaimba wimbo wake wa jioni, ule wa kutulaza. Unajua alivyokuwa akiumaliza, akituombea kwa majina kuanzia kwa Mwau. Na unajua pia kwamba tangu alipoapa mbele ya waumini kuwa hatalitaja jina lako, kwa sababu umeolewa na Mwislamu, miaka tisa mizima aliruka kutoka kwa Mwau hadi kwangu. Mimi nilikuwa nimeshazoea, Mungu anisamehe.

Siku hiyo hakuruka, Kalondu. Alimtaja Mwau, akakutaja wewe, akanitaja mimi. Halafu akaongea na wewe peke yako kwa Kikamba, huku akijifuta macho kwa leso. Alisema alikukosea, na kwamba kile kiapo kilikuwa cha hasira, hakikuwa cha Mungu. Alisema urudi nyumbani na watoto awashike, na mumeo aje, atampa mbuzi na kisu achinje mwenyewe kama dini yake inavyotaka.

Nilimwambia tukupigie simu palepale. Akakataa. Alisema alikutukana mbele ya watu bila kukupa nafasi ya kujibu, kwa hivyo sasa anataka usikie yote kwanza, kisha upige wewe, ukipenda. Akaniagiza nikutumie.

Mimi nilikuwa nimebakisha siku mbili za kumaliza kazi. Nikakata mwisho, nikaunganisha, nikawatumia wenyewe. Kompyuta ilikuwa imejaa pomoni, nikafuta rekodi zote za asili kama ninavyofanya kila kazi ikiisha, bila kuangalia mara mbili. Ya Mwaitu ikaenda nazo. Majuzi nimeiandikia ile kampuni, wakanijibu kwa upole kwamba wana kile nilichowatumia tu.

Jumapili iliyofuata, Mwaitu alipotoka kanisani, aliniuliza kama nimekutumia. Ndipo nikakumbuka. Nikatafuta, nikakosa. Dada, ningemwambia ukweli angenigombeza kidogo, kisha angeimba tena. Dakika kumi tu! Lakini niliona aibu, kwamba maneno aliyokaa nayo miaka tisa niliyatupa kama maganda. Nikamwambia nimekutumia. Nikaongeza, Ngai wangu, kwamba umeshasikia.

Kuanzia hapo alikuwa anakwenda na simu mpaka shambani, yeye ambaye kila siku aliisahau jikoni. Hata akioga aliiweka karibu. Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Mwezi wa nane akaugua. Siku ya mwisho, akili yake ikiwa timamu kabisa, alinishika mkono akaniambia nisije nikakulaumu kwa kunyamaza, maana yeye ndiye aliyeanza. Hata hapo sikusema! Nilimpa maji, nikamfunika miguu. Na siku ya mazishi, uliponivuta kando ya tangi la maji ukaniuliza kama Mwaitu aliwahi kukutaja, nilikutazama machoni nikasema hapana.

Alikutaja. Alikufa akiamini kwamba ulimsikia ukakataa kuja, na wewe mpaka leo unaishi ukiamini kwamba hakukuita. Yote mawili nimeyafanya mimi. Watu hapa wananipongeza, ati sauti ya mama yetu inasikika dunia nzima, nami nawashukuru, kisha naingia ndani nalia. Siombi unisamehe kwa barua, sina uso huo. Ningependa kuja mwenyewe kama mtanipokea. Kama hamuwezi, usijibu, nitaelewa.

Niishie hapo, maana karatasi imeanza kulowa. Mfikishie shemeji heshima zangu zote. Leyla na Arbaco waambie nyanya yao aliwataka.

Ni mimi mdogo wako,
Kanyiva.