Gemu Uliyoisubiri Imelegea, Baba

Baba,

Hukukosa kitu! Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu limenijaa mdomoni tangu Jumapili, na nikiendelea kulibana nitapasuka. Ile gemu ya ziwa, tuliyoisubiri miaka mitatu, uliyoniambia wodini kwamba inakuuma kuondoka kabla haijatoka, imetoka. Nimeicheza yote mpaka mwisho. Imelegea, Baba. Imelegea kabisa.

Haya, shikamoo. Nisamehe kwa kuruka adabu.

Ya nyumbani kwanza, maana najua ungeuliza. Mama hajambo, presha imetulia, na paka wako amehamia kwa jirani bila kuaga. Daraja la kuvuka ziwa limefunguliwa. Siku tulipokupeleka Sengerema kukulaza karibu na bibi, tulipanga foleni ya kivuko na jeneza lako juani, baba mdogo akanong'ona kwamba hata marehemu anasubirishwa. Siku hizi tunakuja kupalilia kaburi lako na kurudi nyumbani Kirumba mchana uleule, wala hatushuki kwenye gari. Nilipopita juu ya daraja hilo mara ya kwanza nilitafuta kasoro, kama ulivyonifundisha kutafuta kasoro kwenye kila kitu kinachosifiwa sana. Sikuiona. Kwa hiyo usidhani mwanao amekuwa mtu wa kununia kila kitu. Daraja tuliahidiwa, likaja, likawa daraja.

Gemu ndiyo iliyotuangusha.

Nimekuwa nikikumbuka tulivyoanza. Baada ya kile kiharusi, yule dada wa mazoezi alisema vidole vyako vya mkono wa kushoto vitafutiwe kazi. Wewe uliyesimama sokoni Mwaloni tangu sijazaliwa, ukiwapokelea matajiri samaki, na wasiofaa ukiwarudishia wavuvi, ulikuwa umekaa kwenye kochi unafinya mpira wa tenisi na kuuangalia kama adui. Nikaleta ile mashine ya gemu, niliyoifufua mwenyewe kibandani kwangu Mkuyuni kutoka mashine mbili zilizokufa. Uliishika pedi kwa ncha za vidole, ukauliza kama nimekuona mtoto. Wiki ya pili ulikuwa unaninyamazisha ukikata kona.

Na wiki ya tatu ukaanza kuhukumu. Hapo ndipo nilipokupenda upya, Baba, sikuwahi kukwambia. Nilidhani utashangaa tu, kama wazee wanavyoshangaa simu. Kumbe wewe ulizichukua gemu zote ukazimwaga mezani kama shehena ya asubuhi. Ile ya vita, ambayo vijana wote wa Kirumba waliiabudu, ulicheza nusu saa ukaweka pedi chini: "Watu wanakufa hivi na hakuna anayelia?" Ile ya mpira ya mwaka mpya ukasema ni samaki wa jana aliyeoshwa uso. Ile ya shujaa wa upanga, yenye ramani kubwa iliyojaa alama, ulilalamika kwamba umetoka kwenu kuwa shujaa na tangu asubuhi unatumwa dukani. Nilicheka mpaka nikamwaga uji. Kesho yake nikaanza kukurekodi, sauti yako tu na kioo cha runinga, nikarusha mtandaoni, na watu wakakupenda kuliko walivyonipenda mimi.

Wengi walikuja kwa vichekesho. Mimi nilibaki kwa ajili ya kidole gumba. Ulitueleza siku ile mvua ilipokata umeme tukiwa katikati ya mchezo, na mimi nikaendelea kurekodi gizani. Samaki aliyeoza hana shida, ulisema, kila mwenye pua anamjua. Wa kuogopa ni aliyelegea. Haumizi tumbo la mtu. Anapikwa, anaiva, analiwa, na mlaji akishanawa mikono hamkumbuki tena. Huyo humjui kwa ukubwa wala kwa barafu aliyofunikwa. Unafunua shavu uone kama bado ni jekundu, kisha unabonyeza mnofu kwa kidole gumba. Panyanyuke, mpokee. Pakibaki shimo, mrudishe, hata kama mvuvi ni shemeji yako. Gemu pia, ukasema, niibonyeze nione kama inanyanyuka.

Basi ile ya ziwa tuliisubiri hivyo, kwa kidole. Tangazo lake tuliliangalia mpaka ukajua kila wimbi linapoanguka. Visiwa ishirini, kila kimoja na watu wake. Dhoruba inayobadilisha ramani. Mnyama wa chini ya maji ambaye hawakuthubutu kumwonyesha zaidi ya mgongo. Lakini nilijua wewe humtaki mnyama. Ulikuwa unarudisha nyuma kila mara pale mtu anapopiga kasia, sekunde mbili tu, ukiangalia mkono wa kushoto. "Nataka nione kasia linavyouma maji," ulisema. Hukusema kwamba ungetaka kupiga kasia tena. Na mimi sikusema kwamba nimeelewa.

Na wodini, siku ile ya mwisho uliyoongea vizuri, ukaniita mayu, kama ulivyomwita mama yako. "Mayu, ukiimaliza, uniambie. Usinifiche."

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa pana aibu yangu na lazima uipate kutoka kwangu.

Ilitoka mwezi mmoja baada ya matanga. Niliifungua peke yangu, pedi yako ikiwa mezani pale ulipoiacha na ile plasta uliyoizungushia ili isiteleze. Ziwa likatokea. Mtumbwi ukatokea. Nikaanza kulia, na nikalia saa mbili nzima nikicheza, na sikuona kitu. Halafu nikawasha kamera, na macho yamevimba hivyohivyo, nikawaambia watu wote wanaotufuata kwamba ni sato wa alfajiri. Daraja letu la sifa la juu kabisa, Baba. Tulilowahi kulitoa mara mbili tu kwa miaka yote ile. Nikalitoa kwa gemu ambayo sikuibonyeza. Watu walilia na mimi. Walinipa pole kwa mamia, wakasema nimekuenzi, na mimi nikaamini.

Bhoke hakulia. Unamkumbuka Bhoke, fundi mwenzangu wa kibanda cha jirani, yule wa Musoma uliyesema ana mkono mwepesi kuliko wangu. Alikuwa ameinunua kwa neno langu. Alikuja adhuhuri, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza:

"Dada, huyu samaki ulimfunua shavu, au ulimlilia tu?"

Nilimfokea. Nilimwambia hana moyo, na kwamba siku akifiwa atajua. Akainuka akarudi kwenye meza yake. Mchana ule sikufunga hata skrubu moja sawasawa, kwa sababu nilikuwa nakusikia wewe, na ulikuwa upande wa Bhoke. Nilijiona kama mpokeaji aliyepitisha shehena nzima kwa sababu mvuvi alikuwa amefiwa. Nilikuwa nimetumia jina lako kuuza samaki aliyelegea. Kama ningekaa kimya, basi kila hukumu uliyowahi kutoa ingeonekana maneno ya kufurahisha tu.

Nikamweleza Mama, nikitegemea atanitetea. Unamjua Mama na gemu. Miaka yote ile alikuwa akipita mbele ya kioo makusudi, na ufagio. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema nikitoka kanisani Jumapili niiwashe tena, na safari hii nisikae peke yangu. Kisha akachukua pedi yako, Baba, akaipangusa kwa kanga yake, akauliza ya kwenda mbele ni ipi.

Basi Jumapili mchana tukaibonyeza.

Kasia kwanza, kwa ajili yako. Kasia haliumi maji. Linapita juu kama mwiko juu ya sufuria tupu, na mtumbwi unateleza wenyewe, upige usipige. Nikarusha jiwe ziwani, maji hayakujua kwamba yamepigwa. Nikaenda visiwani. Bibi mmoja nimemkuta visiwa saba, amebadilisha kitenge tu, na kila mahali amepoteza mbuzi yuleyule. Ile dhoruba ya kubadilisha ramani huja kila ukifika kisiwa cha tano, wala haichelewi, ikiondoka kila kitu kiko palepale. Na mnyama, Baba! Yule mnyama wa miaka mitatu unamuua kwa kubonyeza kitufe kimoja mara nyingi. Nilimaliza nikila karanga kwa mkono wa pili.

Haijaoza, hilo ndilo jambo. Haigandi, haizimiki, rangi zake nzuri, jua linavyozama pale utadhani wamelipaka asali. Mtu atacheza, atamaliza, atanawa. Nilikuwa nakuona kwenye kochi ukitikisa kichwa polepole, vile ulivyokuwa unamtikisia mvuvi uliyempenda.

Mama naye, na pedi yako, alikuwa amezama mara tatu. Mara ya nne akapata mwendo, akakaza macho, akaelekeza mtumbwi wake moja kwa moja kwenye mwamba mkubwa, nikamwambia Mama, kata kulia, hakunisikia, na mtumbwi ukaingia ndani ya jiwe, ukapita, ukatokea upande wa pili bila hata mkwaruzo. Mama akashusha pedi mapajani.

"Huyu aliyetengeneza," akasema, "hajawahi kuona jiwe."

Mtu wa Mwanza, Baba! Amezaliwa juu ya mawe, ameanika dagaa juu ya mawe, nyumba yake imeegemea jiwe, halafu anapitishwa ndani ya jiwe kama moshi. Nilianza kucheka mimi, akafuata yeye, na hatukuweza kuacha. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ileile kanga. Hakuwa amecheka tangu tukuzike. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka kwa sauti kubwa kuliko yako. Halafu akaishika tena pedi, akaurudisha mtumbwi, akapita ndani ya jiwe mara ya pili, kwa kusudi.

Nikarekodi upya jioni hiyo, na dirisha wazi. Nikasema nilidanganya, na nikasema kwa nini. Nikataja kasia, bibi, mbuzi, kitufe kimoja. Nikampa Mama nafasi, akarudia lake la jiwe. Na waliotengeneza nikawapa haki yao: mvua ikikaribia, unasikia upepo unabadilika juu ya maji kabla hujaona wingu lolote, vilevile unavyobadilika hapa kwetu. Mtu mmoja kwenye kazi ile yote aliwahi kukaa kando ya ziwa akasikiliza, na ningependa kumpa mkono. Shavu lilikuwa jekundu kidogo upande mmoja. Mnofu umelegea. Nimemrudisha.

Wapo walionitukana. Wanasema nimemdhalilisha marehemu, kwamba gemu uliyoisubiri kitandani ilistahili heshima. Nimewasoma wote. Mmoja aliandika kwamba ungenionea aibu, na hilo lilinikaa kifuani usiku kucha, nisikudanganye. Asubuhi nikaenda kwa Bhoke kabla sijafungua kibanda changu, nikamwomba radhi. Alikuwa anachomelea waya, hakuinua kichwa. Akasema afadhali, maana alishaanza kuogopa kwamba mzee alikufa na kidole chake.

Hakufa nacho, Baba. Ndicho ninachokuandikia. Nimefurahi, nimefurahi vibaya, nimekuwa nikitembea Mkuyuni nacheka peke yangu, kwa sababu miezi yote hii nilikulilia kwa kitu ulichokikosa, na kumbe hakikuwepo. Kasia lililouma maji ni lile lako la zamani, ulilolipiga kwa mikono yote miwili ukiwa kijana. Hawana la kukuzidi. Ungeicheza siku moja, ungeweka pedi chini, ungeomba chai.

Ila nitakwambia ukweli wote, maana ulisema nisikufiche. Uliponibonyeza kwa kuondoka, pamebaki shimo. Napaangalia kila siku. Jumapili, Mama alipopita ndani ya lile jiwe mara ya pili, niliona pananyanyuka kidogo.

Kwa hiyo ninakuahidi: sitapitisha tena kitu kwa machozi, iwe gemu, iwe kazi ya Bhoke, iwe kazi yangu mwenyewe. Nitafunua shavu kwanza. Kuna nyingine inatangazwa, ya milima, ina tangazo zuri la kutisha, na Mama ameshasema tangazo zuri hivyo linaficha jambo. Anasubiri kwa hamu ya kuirudisha.

Lala salama, baba yangu. Tutakuja kupalilia mvua zikianza. Pedi yako anayo Mama, na plasta ameshaibadilisha. Usimdai.

Mayu wako