Miche Iliyokauka Barazani kwa Meshaki

Uholanzi, 6 Juni 1994

Mdogo wangu Ikupa,

Mwaka wa ishirini na saba huu tangu niondoke Kinyala. Hamjambo? Na shemeji Meshaki, mguu wake?

Uliandika kwamba mvua za huko zinaozesha vitunguu. Nilizalisha kitunguu cha bustani na ndugu yake wa porini asiyeoza. Mtoto akatoka mgumba: kromosomu za baba na za mama hazikupata wenza. Nikakuza vipande vyake ndani ya chupa, nikavitia dawa ya kolchisini, kromosomu zikawa maradufu. Sasa kila moja ina mwenzake, naamini vitazaa. Anakuletea chupa hizo Lutufyo, kijana wa kwetu anayesafiri huku na huko.

Osha ute wa chupa ulioshika mizizi, panda barazani kusikofika jua, funika nailoni, mwagilia asubuhi na jioni. Vikitoa mbegu, nitakuja kuzivuna mwenyewe.

Kaka yako,
Ambilikile

Kinyala, 30 Agosti 1994

Kaka, ndaga, asante kwa barua na miche. Sisi wazima, goti tu linanisumbua.

Nilipanda ulivyosema, kisha nikaenda Msasani kumuuguza binti yangu Tupokigwe, nikamwachia miche mkwe wangu Tulia, mke wa mwanangu. Kaka, umesahau? Kwa mila yetu mkwe hapiti mbele ya baba mkwe wala hasemi naye, na Meshaki, kwa mguu wake ule, habanduki barazani kutwa.

Naambiwa mzee alikuwa akiipigia kelele migomba: “Jamani, vitunguu vya shemeji vinakufa kwa kiu!” Tulia yuko nyuma ya jiko na ndoo, anamwambia kuku: “Mwambie mwenye nyumba ajifunike blanketi, nipite!” Akajifunika. Tulia alipofika katikati, mzee akapiga chafya, blanketi likaanguka. Ndoo huko, Tulia huko! Hakurudi tena.

Tumecheka, kisha nikalia. Vyote vimekauka. Njoo na vingine, kaka. Kiwanja chako tunakilima asikiingie mtu.

Mdogo wako,
Ikupa

Uholanzi, 11 Oktoba 1994

Mdogo wangu,

Pole na goti. Nimecheka hadi nikakohoa. Usilie, kosa si lako wala la Tulia.

Mama alizunguka nyuma ya migomba miaka yote kumkwepa babu mzaa baba, nami nikimfuata nimeshika kanga yake. Nilipoandika “barazani” sikukumbuka hata kidogo. Niliona baraza tupu, lenye kivuli kizuri cha miche.

Lutufyo analeta chupa nyingine. Mahali pa kupanda achague Tulia, na mbegu zikija avune yeye. Kiwanja mpeni yeye na mumewe wajenge. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Ambilikile