Mguu wa Tatu wa Plagi

3 Machi 1992

Bibi yangu, shikamoo. Magoti yamepoa? Mimi mzima.

Bendi imenichukua. Tutapiga ukumbini kila Jumamosi, ila kila mpiga gitaa aje na amplifaya yake. Dukani nimeona moja ya transista: naibeba kwa mkono mmoja, haina vioo vya kuvunjika kwenye lori, inawaka papo hapo, na sauti yake haimezwi na ngoma. Wenzangu wanaicheka, eti kavu kama redio ya kinyozi. Wanataka ile ya marehemu babu iliyo chini ya kitanda chako, yenye balbu za kioo ndani. Nichague ipi?

Mjukuu wako

9 Machi

Mjukuu, marahaba. Magoti hayajapoa, na wewe si daktari.

Chukua ya transista. Nyepesi, imara, inasikika; unataka ikuoshee na vyombo? Hao wanaocheka waje wakubebee mzigo. Ya babu yako haitoki hapa. Sababu usiniulize. Tangu lini kifaranga akamhoji kuku?

Bibi yako

27 Machi

Bibi, shikamoo. Usikasirike. Nilipita ukiwa kliniki, shangazi akanifungulia. Ya babu ninayo.

Bibi, inaimba. Hata mpiga ngoma wetu, mtu asiyemsifu hata mama yake, aliniomba nirudie. Ina kasoro ndogo tu: nikisogelea maiki huku nimeshika nyuzi, midomo inaumwa kama na siafu. Wanasema ni uzee wake. Onyesho la kwanza ni Jumamosi, tarehe nne. Niombee.

Mjukuu wako

2 Aprili

Mjukuu, salamu baadaye. Usiiwashe.

Babu yako hakufa kwa moyo. Moyo niliusema mimi. Amplifaya ile ilikuwa ikivuma mchana kutwa, inanitia wazimu. Fundi redio akaniambia mvumo unaletwa na mguu wa tatu wa plagi. Nikaukata mwenyewe kwa msumeno, nikajiona mjanja, wala sikumwambia mwenye chombo. Kumbe ndio uliokuwa ukiupeleka umeme ardhini. Kesho yake alishika gitaa, akagusa maiki.

Itazame plagi. Ina miguu miwili. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi.

Bibi yako

20 Aprili

Bibi, shikamoo. Mwandiko huu ni wa nesi.

Barua yako ilichelewa, nilisomewa hapa wodini, Jumatatu baada ya onyesho. Mkono wa kulia utapona. Wa kushoto wamekata vidole vitatu, vile vya kubana nyuzi. Nesi anasema hili nisikuandikie, nimemwambia aandike tu: nilikuuliza, Bibi. Ungenipa sababu, ningekutii.

Mjukuu wako

2 Mei

Mjukuu, nakusalimu mimi kwanza.

Siku zote hizi nimeikalia barua yako. Nimewaita shangazi zako nikawaambia moyo haukuwa moyo. Hawaniongeleshi. Wana haki. Mimi kusema "nimekosa" kulikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni, ndiyo maana nikakufokea badala ya kukwambia.

Jana nilikwenda dukani. Ile ya transista bado ipo. Niliishika plagi yake nikahesabu miguu: mitatu. Mwenye duka akaniuliza, "Mama, mpigaji ni nani?"

Niliiweka chini nikatoka.

Bibi yako, ukikubali