Mnunuzi wa Kiti cha Baba

Jabe, Bujumbura
Jumapili, 16 Juni 2002

Mpendwa kaka yangu Valéry,

Kabla hujaendelea, geuza bahasha uangalie gundi. Nimeibandika mwenyewe na juu yake nimepitisha kalamu nyekundu. Ukiona mstari umekatika, jua aliyekuletea ameisoma, hata kama ni mtawa.

Sasa salamu. Hujambo huko Namur? Watoto wanaendeleaje, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi? Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Mama anavimba miguu jioni, lakini anakula. Mimi bado nauza vitenge sokoni, siku ambazo soko linafunguliwa. Juzi mabomu yalianguka upande wa kusini, tukashinda ndani, kesho yake tukaenda kazini. Hayo unayasikia redioni, nisikuchoshe.

Nina jambo moja. Ni kuhusu kiti cha Baba.

Najua unakikumbuka, lakini nitakieleza tena, maana siku hizi nataka kila kitu kisemwe wazi. Ni kile kiti cha chuma na shaba ambacho Msyu Hanssens, yule Mzungu mchoraji, alikichora kwa mkaa kwenye sakafu ya ateliye yake, karakana ambamo Baba alikuwa fundi wake, Baba akakikunja na kukichomelea, enzi mji huu ukiitwa Usumbura. Miguu yake ni mitatu, na mgongo umekatwa kwa moto mfano wa jani la mgomba lililochanwa na upepo. Viti vya namna hiyo vilikwenda kwenye majumba ya Wazungu huko Kiriri, kila kimoja na sura yake. Hiki Msyu alimwachia Baba siku aliyofunga ateliye akarudi kwao.

Unajua pia Baba alivyovihangaikia vitu vile uzeeni. Kila nyumba ya Wazungu iliyofungwa, kila rundo la vyuma chakavu, lazima achungulie kama hamna kazi ya mikono yao. Alirudi na meza, akarudi na taa, akarudi na vigoda vyenye kutu, mpaka Mama akasema ameolewa na kutu. Vita vilipotutoa Kinama mwaka wa 1995, vyote vilibaki huko. Watu walikimbia na magodoro, Baba alikimbia na kiti kichwani, miguu mitatu ikitazama mbinguni. Askari walimsimamisha wakidhani ni mtambo wa kurushia mabomu. Ilibidi akiweke chini, akikalie barabarani, ndipo wakaamini.

Basi, mwezi wa nne alikuja Hamimu. Huyu ni dalali wa hapa karibu na soko, anayetafutia watu viwanja, magari, na nasikia hata wachumba. Alikuja na mzungu mrefu mwenye miwani. Mzungu akasema anakusanya samani za chuma za zamani, zile zilizotoka kwenye ateliye za wachoraji wenyewe, si za kiwandani. Nikamwuliza, ukishazinunua unazikalia? Akacheka. Akasema hapana, huwekwa kwenye chumba cha pekee, zikawashiwa taa, watu wakaja kuzitazama. Mtu anayenunua kiti asikikalie, mimi namwogopa.

Lakini si hilo lililonitia wasiwasi. Sebuleni kwetu viti ni vingi, na hakuuliza ni kipi. Alikwenda moja kwa moja kwenye cha Baba, akapiga goti, akaingiza mkono chini ya kikalio na kupapasa mpaka akakipata kiraka.

Kaka, kile kiraka! Siku ya komunyo yako ya kwanza uliruka juu ya kiti na viatu vyako vipya, shaba ikapasuka. Baba akaweka kiraka kwa chini na kukipaka rangi, tukakubaliana sisi watatu kwamba Mama asijue. Mzungu wa Ulaya alikijuaje?

Nikaanza kuwachuja watu mmoja mmoja. Hamimu hajawahi kuvuka kizingiti chetu kabla ya siku ile. Xavier, mtoto wa Baba mdogo Pontien, analala sebuleni tangu mwaka jana na anauza petroli ya magendo kwenye chupa. Nikajiambia, anayeuza petroli ya magendo atashindwa na kiti? Alipokuwa anaoga nilipekua mifuko yake. Nilikuta kitana na rozari. Nilimshuku hata Mama, Mungu anisamehe. Alibaki mtu mmoja, na yeye sikutaka kumfikiria.

Unajua kwa nini kiti kile hakiuziki. Baba amelala kaburini mwaka wa pili sasa, na bado hatujaganduka. Yaani matanga hayajaondolewa. Siku ya kuganduka ukoo utakusanyika, mrithi atakalishwa kwenye kiti cha baba yake, atapewa mkuki, ataambiwa maneno ya nyumba yake. Mrithi ni wewe. Mpaka siku hiyo Mama hawezi kuvua nguo ya msiba, na anaivaa kweli, anaifua jioni na kuivaa asubuhi ikiwa bado mbichi. Kila tukikuuliza, unasema kiangazi kijacho. Na sasa ni kiangazi.

Basi nikatega mtego. Xavier nilimnong'oneza kwamba kiti nimekipeleka parokiani kwa mapadri. Hamimu nilimwambia nimekigawa kwa watu wa Jovithe, wachoma nyama, wakakikate. Na wewe, kumbuka siku niliyokupigia kutoka kibanda cha simu, sauti ikikatikakatika. Nilikwambia kiti kiko kwa Shangazi Christa, Kanyosha. Hayo sikumwambia mtu mwingine, hata Shangazi mwenyewe. Kiti hakikuwa kimetoka nyumbani. Kilikuwa chumbani kwa Mama chini ya kitenge, na kapu la maharagwe juu yake.

Wiki haikuisha. Shangazi Christa alinifuata sokoni akitweta, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni.

“Marguerite, ni mutu gani huyu anakuya kwangu na muzungu kutafuta kiti? Mi niko na kiti gani? Wanapita ku barieri ya basoda na bunduki zao, majirani wote wanaangalia, kumbe ni juu ya kiti! Munataka watu waseme nini juu yangu?”

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisema methali hiyo kwa watu wengi, kumbe ilikuwa inanisubiri mimi.

Nilikasirika, kaka, sikufichi. Nilikutukana njia nzima kutoka sokoni. Xavier nilimnunulia sabuni ya kuogea, bila kumweleza kwa nini, na sasa yeye ndiye ananishuku mimi.

Kisha nikamweleza Mama yote, kiraka, simu, Kanyosha. Nilitegemea akulaani. Alikuwa anachagua maharagwe, akauliza, “Kule kwake, anakula?”

Nikamwambia, Mama, mtoto wako anakaa Ulaya.

“Mi nakuuliza kama anakula.”

Nikakumbuka kwamba namba yako ya simu imebadilika tena, na kwamba siku hizi hutaji kazi kabisa. Mimi bado nashuku ni tamaa, nakwambia wazi. Mama anashuku ni njaa. Ni wewe tu unayejua nani kati yetu anakujua vizuri zaidi. Kama kazi imekwisha, sema. Kama ni makaratasi ya kuishi huko, sema. Huwezi kutuma dalali kwa mama yako kana kwamba ni mjane wa mtu mwingine.

Mama alipomaliza maharagwe akatoa hukumu yake, na mimi naiandika kama alivyoitamka, ingawa sikubaliani nayo:

“Muambiye akuye aikalie kwanza, mbele ya watu. Akisha kusimama, aiuzishe, ni yake. Na kama hana franga ya ndege, huyo muzungu mwenye kutaka kiti amulipie.”

Nimempelekea Hamimu ujumbe huo. Alicheka, lakini hakukataa, na hilo nalo limenitia mashaka.

Baba mdogo Pontien amepanga kuganduka Jumamosi, tarehe 31 Agosti. Kiti kitatolewa uani na kuwekwa mbele ya wanaume wa ukoo, na Baba mdogo ataita jina lako. Hataita jingine, Mama amekataa kabisa. Usipoitika, kiti kitarudishwa chumbani na Mama atarudi nacho, amevaa nguo ileile. Na kwa jinsi ninavyomwona, kaka, tutamzika nayo.

Xavier anakusalimu. Shangazi Christa angekusalimu, lakini bado amenuna. Baba mdogo Pontien anauliza kama una suti nyeusi. Wabusu watoto kwa ajili yetu. Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akufungulie mlango uliofungwa, na akurudishe uani kwetu ukiwa mzima.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokushuku,

Marguerite