Geti Nililolifunga kwa Leso

Ijumaa, 31 Agosti 2007. Satwa.

Joto la leo halina adabu. Nimetoka kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, nikatembea kidogo tu hadi hapa saibakafe, na blauzi imeninata mgongoni kama nimemwagiwa ndoo ya maji. Mwenye duka amenionea huruma, kanipa kompyuta iliyo chini ya AC. Nina saa moja na nusu kabla sir hajaja kunichukua.

Na ndani ya mkoba wangu nina kofia ya sufu. Jua lote hili, na mimi nazunguka Dubai na kofia ya baridi. Nitaeleza.

Kwa ambaye hajawahi kupita hapa kwenye blogu yangu: mimi ni yaya. Namlea Megan, mtoto wa miaka minne, kwenye villa moja huko Mirdif. Mkataba wangu ulisema miaka miwili, kisha likizo nyumbani. Sasa nina miaka mitatu na miezi mitatu. Binti yangu Shiku nilimwacha Kinangop kwa mama yangu akiwa na miaka mitano, na sasa ana minane. Pasipoti yangu iko kwenye sefu ya sir, eti isipotee. Kila nikijiandaa kuiomba, linatokea jambo. Madam kafanyiwa operesheni. Wageni wanakuja. Megan anaanza shule. Subiri kwanza Idi ipite.

Madam si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia, nikapumua. Ananipa zawadi ya Krismasi, ananiuliza kama nimekula. Jioni anabonyeza rimoti, geti la villa linajifunga taratibu, na mimi sina rimoti.

Mwezi huu walinichukua kwenda nao Wales, kwa mama yake madam. Wiki mbili. Megan humwita Nain, maana yake bibi kwa lugha yao, nami nikamwita hivyo hivyo. Ni mama wa miaka sabini na kitu, mfupi, miguu ndani ya gambuti tangu asubuhi, na ana msitu wake nyuma ya nyumba. Nilidhani wananitania. Mtu binafsi ana msitu?

Ni wa kweli. Mialoni mizee imejipinda, mawe yameota majani laini ya kijani ambayo ukikanyaga mguu unazama, na chini kuna kijito kinachoongea siku nzima. Ukitoka juu ya msitu unaona vilima na kondoo, kuta za mawe, halafu mvua inakuja bila kubisha hodi. Siku ya kwanza niliposikia harufu ya ule udongo uliolowa nilisimama nikalia. Ilikuwa harufu ya kwetu Kinangop, asubuhi ya kuvuna viazi. Megan akaniuliza kama nimeumia, nikamwambia ni mvua tu.

Nilikuwa na furaha kule. Niliokota matawi makavu, nikayafunga mzigo kwa kamba, nikaupachika mgongoni na ukanda kwenye paji la uso, kama mama alivyonifundisha. Nain alitoka jikoni akapiga makofi. Alisema hajawahi kuona mtu anabeba kuni hivyo, akanifuata nyuma hadi kwenye stovu kana kwamba nitapotea.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Chini ya msitu kuna geti dogo la mbao. Halina kufuli, lina komeo tu ambalo hata Megan analiinua. Nje yake ni njia ya miguu. Siku ya nne madam na sir walikwenda mjini, Nain akalala baada ya chakula cha mchana, nami nikabaki na mtoto kule chini. Lile geti lilinisumbua. Sikuweza kukaa nikatulia. Miaka mitatu nimeambiwa geti lisiachwe wazi, mtoto atatoka, mtu ataingia. Basi nikafungua leso yangu kiunoni, nikalifunga geti kwa fundo la kufungia mzigo wa kuni, lile ambalo halifunguki mpaka ukae chini.

Haikupita nusu saa wakaja mzee na mkewe, wana fimbo na mbwa. Wakashika geti, wakalitikisa. Unajua nilifanya nini? Nilinyoosha mkono kama mlinzi wa kwetu Mirdif, nikapaza sauti: “Private! Sorry, private!”

Wazee wa watu wakatazamana. Mbwa akakaa chini.

Nain alikuja mbio na gambuti zake, huenda alinisikia hadi chumbani. Kwanza alicheka mpaka akashika mti. Halafu akaiona leso na lile fundo, akaacha kucheka. Tulilifungua pamoja, kucha zangu na zake, wazee wakapita, wakatushukuru. Tena wao ndio walioomba radhi.

Nain akaniambia ile njia inapita ndani ya msitu wake tangu zamani za babu zake, na ni ya kila mtu. “Hata mimi mwenye msitu nikilifunga hili geti, nimekosa mimi,” alisema. “Na wewe pia pita. Ukifuata hii unafika kijijini, kuna basi. Basi linakwenda kwenye treni.”

Hakumaanisha kitu. Nadhani hakumaanisha kitu.

Toka siku hiyo kila alasiri alikaa na Megan yeye, akanituma nikatembee. Nami nilikwenda kila siku. Nilipita lile geti, nikachuma yale matunda meusi ya kwenye miiba, kama ya njia ya shule utotoni. Nilifika hadi pale kibao cha basi kinapoonekana kwa mbali. Nikageuka. Kila siku pale pale, kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba. Basi nililiona mara mbili, liko tupu, linaondoka.

Simaanishi kwamba ningetoroka. Ningemwacha nani na Megan, na pasipoti ilikuwa kwenye mkoba wa sir. Nasema tu kwamba hakuna aliyenizuia kufika kwenye kile kibao, nami sikufika.

Jioni ya mwisho, tukimenya viazi, Nain aliniuliza kama nina watoto. Nikamwambia habari za Shiku, na baridi ya Kinangop, kwamba asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa barafu. Akauliza naenda lini kumwona. Madam alikuwa chumba cha pili, mlango wazi.

“Septemba,” nikasema.

Nilidanganya. Sikutaka kumwaibisha madam mbele ya mama yake, nikajiambia ni heshima. Lakini nikiandika hapa ambapo hakuna anayenijua, naona ilikuwa hofu tupu.

Na kuna jambo baya kuliko hilo. Safarini sir hutupatia pasipoti zetu kwenye foleni. Afisa akishagonga muhuri, sir ananyoosha kiganja bila kutazama, nami naiweka. Tulipotua Dubai nikapita kwa afisa, nikaikuta mkononi mwangu, ina joto la mkono wangu. Sir alikuwa anatafuta begi la mtoto, amesahau kabisa.

Nikamgusa bega, nikampa.

Juzi sir alirudi na kifurushi kutoka ofisini. Kina jina langu. Tangu nije nchi hii sijawahi kupata hata bahasha. Ndani kulikuwa na leso yangu niliyoisahau kwa Nain, imefuliwa na kupigwa pasi, na katikati ya leso kofia ya sufu ya bluu, ya kichwa cha mtoto. Pamoja na kadi: “Hii ya Shiku. Nimefuma haraka ili uiwahi safari ya Septemba. Mvishe mwenyewe.”

“Mum amekutumia nini?” madam akauliza.

“Leso yangu tu, madam.”

Kofia nikaificha chini ya mto. Uongo wa pili, kuulinda wa kwanza.

Jana asubuhi nilimwonyesha Mwanaidi. Yeye ni wa Tanga, anafanya kazi villa ya jirani, na mazungumzo yetu yote huwa kwenye mapipa ya taka. Aliigeuza ile kofia, akaivuta, akainusa.

“Shoga, kwani madam wako alikukatalia lini?”

Nikaanza kumhesabia. Operesheni, wageni, shule, Idi.

“Hayo ni yake. Mimi nakuuliza, ulimwomba lini? Kwa mdomo huo?”

Nikatafuta siku. Nimetafuta tangu jana. Hata katikati ya mahubiri leo nilikuwa natafuta.

Sijawahi kumwomba.

Miaka mitatu nimekasirika, nimelia bafuni bomba likiwa wazi, nimemjibu madam kwa ukali moyoni mwangu, na sijawahi kufungua kinywa. Sisemi kwamba kosa ni langu. Sefu si yangu, na pasipoti haikuingia humo kwa miguu yake. Lakini lile fundo nilijua kulifunga vizuri mno.

Naogopa. Anaweza kusema hapana, na nikishasikia hapana sitakuwa na cha kujidanganyia. Anaweza kununa, na chumba changu kiko nyumbani mwake. Anaweza pia kusema ndiyo, na hilo nalo linanitetemesha, maana sijui kama Shiku atanikimbilia au atajificha nyuma ya bibi yake.

Jioni hii wakimaliza kula nitaiweka kofia mezani. Nimejifunza maneno njia nzima: “Madam, nilimwambia mama yako naenda nyumbani Septemba. Naomba pasipoti yangu.” Mafupi, nisipate pa kukwama.

Sir anapiga honi nje. Kofia nimeitoa kwenye mkoba, nimeishika mkononi aione tangu garini, ili nisiweze kurudi nyuma.

Kesho ni Septemba.