Ajida Asiyewahi Kuvaa Gwanda

Biryogo, 1992

Baba,

Assalamu alaikum. Ulitufundisha kwamba anayepita makaburini huwasalimu waliolala humo, basi na mimi nakusalimu kwanza, habari baadaye. Cherehani yako nashonea mimi sasa. Mama hajambo, ila magoti tu. Na wewe, Baba, umekuwa askari.

Usicheke, ngoja nikueleze. Tangu vyama viwe vingi, Kigali hakuna lingine ila mikutano. Na kwa kuwa kaskazini kuna vita, kila mwanasiasa anataka tuamini kwamba aliwahi kuvaa gwanda. Huyu anasema mwenzake alitoroka kambini, yule anajibu, wewe hata geti la kambi hulijui. Wateja wanabishana hapa dukani mpaka nasahau vipimo. Sasa kuna bwana mmoja, msemaji sana, anataka kura zetu. Wapinzani wake walimbana: ulitumikia jeshi na nani? Akajibu mbele ya watu kwamba mkubwa wake kambini alikuwa Ajida Sulemani wa Biryogo, Mungu amrehemu.

Ajida Sulemani! Wewe uliyeshindwa hata kuchinja kuku wa Idi, ukamwita jirani!

Nadhani mtu alimtajia jina lako la mtaani, naye akafurahi kusikia umeshakufa, maana maiti hakanushi. Hakuna aliyemwambia kwamba cheo hicho tulikupa sisi, kwa ajili ya ile "Gadavu!" uliyomwamrisha kila mteja ukitaka kumpima. Askari wa kweli akiisikia amri hiyo husimama wima, mikono ameibana mapajani. Mteja wako alinyoosha mikono pembeni, kama shati kwenye kamba, ukampima kifua. Uliiokota wapi amri ile ya Kifaransa, hukutuambia mpaka umeondoka.

Watu wake wakaja nyumbani. Wakataka mimi, binti wa Ajida, nipande jukwaani Jumapili nithibitishe. Mama akanivuta jikoni: "Ceceka, mwanangu, nyamaza. Siku hizi mutu anapigwa sababu ya kofia ya chama." Sikumlaumu, na mimi niliogopa. Lakini wewe ulikuwa ukirudisha kila kipande cha kitambaa kilichobaki, hata kisichotosha kufunika kifungo. Ningewezaje kukusingizia, na huna mdomo wa kujitetea?

Jumapili nikapanda, tepu yako ya kupimia shingoni. Mama alikuja pia, akasimama mbele ya jukwaa. Wakanipa kipaza sauti. Nikavuta pumzi, nikaita: "Gadavu!"

Biryogo nzima ikanyoosha mikono pembeni. Wazee uliowashonea suti za harusi, mama wa sambusa, hata mwadhini wetu. Na yule bwana, akidhani anashangiliwa, akanyoosha ya kwake pia! Mzee Hamisi muuza chai akapiga kelele kutoka nyuma: "Mumupime basi! Iko tayari!"

Kicheko kilipopungua nikasema, "Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Jeshini hakuingia hata siku moja. Alituambia nguo isiyo kipimo chako usiivae." Nikashuka. Vijana wa yule bwana walinitolea macho, lakini majirani walituzunguka, wakatusindikiza hadi mlangoni, na Mama alitembea mbele kama hana magoti mabaya. Nilijivunia wewe mpaka nikalia njiani, bila aibu yoyote.

Nakukumbuka zaidi asubuhi, ninapofungua duka na kusikia kimya pale ulipokuwa unakohoa. Laiti ungeiona mikono ile. Yote ulikuwa umeipima.

Jana mteja aliingia akaniita Ajida. Nikamwambia Ajida ni mmoja tu, naye amepumzika. Mimi bado kaporali. Nakuahidi, Baba, nikipanda cheo nitapanda kwa sindano. Mungu akulaze pema.

Binti yako,
Kaporali Mariamu