Mstari Uliotulia Chini

Gorkha, Jumatano

Mjukuu wangu Sarmila,

Insha yako ya kueleza grafu, ya mazoezi ya mtihani wa Kiingereza, nimeisoma. Maneno ya Kiingereza ya kupanda, kushuka na kutulia umeyatumia vizuri, ila umesahau kutaja kipimo. Mstari huweza kutulia juu, au chini kabisa; msomaji lazima aambiwe ni wapi.

Kosa hilo nimelifanya mimi pia. Kila ulipouliza kuhusu macho ya bibi yako, nilijibu yametulia. Ni kweli yametulia: tangu mwezi jana haoni kitu. Dengu anachambua kwa vidole.

"We mzee, usimwambie," amenionya. "Ataacha mtihani aje kulia hapa!"

Mtihani ufanye Jumamosi. Jumapili panda basi la kwanza kutoka Kathmandu, uje akushike uso kabla hujaenda Australia.

Babu yako, mwalimu aliyekosea,
Dhanbahadur